Timu Ikidisko: Adhabu ya Kifo ya SMU na Walioibeba

Tarehe 25 Februari 1987, mjini Dallas, jimbo la Texas, bwana mmoja aitwaye David Berst alisimama mbele ya waandishi wa habari akatangaza hukumu. Berst alikuwa mkuu wa upelelezi wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani. Hukumu yenyewe: timu ya futiboli ya Southern Methodist University, kwa kifupi SMU, haitacheza mechi hata moja msimu wa 1987. Alipofika kwenye maswali ya waandishi, Berst akaishiwa nguvu, akaanguka na kuzimia palepale, kamera zikiendelea kurekodi.

Wamarekani waliipa adhabu hiyo jina la "adhabu ya kifo". Kwa lugha yetu ya kampasi tungesema timu imedisko. Haikupewa sapu wala haikukeri, imedisko moja kwa moja. Katika ngazi ya juu ya futiboli ya vyuo haijawahi kutolewa tena tangu siku hiyo, ingawa makosa hayajaisha na mengine yamekuwa makubwa kuliko yale ya Dallas.

Nimeichukua kesi hii kama somo kwa sababu ina swali ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kukaa kwenye chama, klabu au timu ya chuo atakutana nalo: taasisi inapokosea, fimbo inatua mgongoni kwa nani? Hapa kwetu tumeshasikia chama cha wanafunzi kinafungiwa kwa sababu ya viongozi ambao walishamaliza digrii na kuondoka. Tumesikia pia kampasi nzima inatozwa fidia baada ya vurugu, hadi yule aliyekuwa kitandani na malaria. Kesi ya SMU inaonyesha mambo hayohayo kwa ukubwa wa kutisha, tena kumbukumbu zake zipo wazi.

Mchezo wenyewe na pesa zake

Tuelewane kwanza. Futiboli tunayoizungumzia si hii ya Simba na Yanga. Ni ile ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wa mviringo uliochongoka. Marekani, mchezaji hatokei kwenye akademi ya klabu, anatokea chuo. Kijana wa sekondari anasajiliwa na chuo, anacheza miaka mitatu au minne, kisha akibahatika anaingia ligi ya kulipwa. Kwa hiyo chuo ndicho klabu. Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000. Uwanja wa chuo kikuu cha Michigan unabeba zaidi ya 107,000, na unajaa. Katika majimbo mengi ya kule, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa, ni kocha wa timu ya chuo cha serikali.

Sasa, kwa zaidi ya karne moja sheria kuu ya mchezo huu ilikuwa kwamba mchezaji ni mwanafunzi tu, halipwi. Anapewa ufadhili wa masomo: ada, malazi, chakula, vitabu. Zaidi ya hapo ni kosa. Kocha anaweza kuvuna mamilioni, chuo kinaweza kuuza haki za televisheni, lakini mchezaji akipewa nauli ya kwenda kumzika bibi yake, sheria imevunjwa. Nani asingeona kwamba mpangilio huo unaomba kuvunjwa? Pesa zikizuiwa mlangoni hupitia dirishani. Na dirisha lilikuwa ni matajiri wa timu: wafanyabiashara waliosoma pale zamani, wenye mafuta na majengo, wanaotaka chuo chao kiwafunge majirani kila Jumamosi.

Texas ya miaka ya mwisho ya 1970 ilikuwa na pesa nyingi za mafuta. SMU ilikuwa chuo kidogo cha binafsi, cha Kanisa la Methodisti, ndani ya ligi iliyoitwa Southwest Conference yenye vyuo 9, na 8 kati yake vilikuwa vya Texas. Wote walikuwa wanawinda vijana walewale, kwenye sekondari zilezile. Vyuo vingi vya ligi hiyo viliadhibiwa katika miaka hiyo, kwa hiyo usije ukadhani SMU ilikuwa mwizi peke yake katikati ya watawa. Ila SMU ilikuwa na haraka. Iliwapata Eric Dickerson na Craig James, wakimbiaji wawili ambao walifanya timu yao iogopwe nchi nzima. Mwaka 1982 haikupoteza mechi hata moja: ilishinda 11, ikatoka sare moja, ikamaliza ya pili kitaifa. Kuanzia 1981 hadi 1984 ilipoteza mechi 5 tu.

Wakati huohuo NCAA ilikuwa inabisha hodi kila baada ya muda. Mwaka 1981 SMU ilizuiwa kucheza mechi za mwaliko za mwisho wa msimu, zile zenye heshima na pesa. Mwaka 1985 ikaadhibiwa tena: ikawekwa chini ya uangalizi miaka mitatu na kunyang'anywa nafasi 45 za ufadhili kwa miaka miwili. Mwaka huohuo wa 1985, vyuo wanachama vya NCAA vilikuwa vimepitisha kanuni mpya dhidi ya sugu: chuo kikikutwa na kosa kubwa mara mbili ndani ya miaka mitano, mchezo husika unaweza kufutwa kwa msimu mmoja au miwili. Kanuni hiyo ndiyo iliyobeba jina la adhabu ya kifo.

Hesabu ya dola 61,000

Novemba 1986 kituo cha televisheni cha WFAA cha Dallas kilirusha habari ya David Stanley, mchezaji wa zamani wa SMU. Stanley alisema alilipwa dola 25,000 ili asaini, na kwamba malipo ya kila mwezi yaliendelea hata baada ya adhabu ya 1985. Mtangazaji Dale Hansen aliwakalisha kocha, mkurugenzi wa michezo na ofisa wa usajili mbele ya kamera akawaonyesha bahasha iliyotumwa kwa familia ya Stanley kutoka ofisi yao. Ukiangalia nyuso zao huhitaji kujua Kiingereza.

Uchunguzi wa NCAA ulikuta kwamba wachezaji 13 walilipwa jumla ya takriban dola 61,000, kutoka mfuko wa siri uliojazwa na tajiri mmoja wa timu. Malipo yalikuwa kati ya dola 50 na dola 725 kwa mwezi. Tulie hapo kidogo. Dola 50 kwa mwezi! Hata mwenye boom asingejisifu. Hawa ni vijana waliokuwa wanajaza viwanja, na wengi wao walitoka nyumba za kipato kidogo.

Lakini kilichoiua SMU si ukubwa wa pesa. Ni kwamba malipo yaliendelea kwa makusudi, baada ya onyo, kwa uamuzi wa wakubwa. Na wakubwa wenyewe hawakuwa wa ngazi ya kocha msaidizi. Bill Clements alikuwa gavana wa Texas kutoka 1979 hadi 1983. Akapoteza uchaguzi, akawa mwenyekiti wa baraza la uongozi la SMU, kisha Januari 1987 akarudi ofisini kama gavana kwa awamu ya pili. Machi 1987, siku chache baada ya hukumu, alikiri hadharani kwamba yeye na wenzake kwenye baraza walijua kuhusu malipo na waliamua yasisimamishwe ghafla. Hoja yao ilikuwa kwamba vijana walishaahidiwa, kwa hiyo walipwe hadi wamalize chuo, na wapya wasiahidiwe kitu. Uamuzi huo una mantiki ya aina yake, ya mtu mwenye deni. Pia una woga ndani yake, maana kijana asiyelipwa anaweza kwenda kuongea, na mmoja kweli alikwenda.

Sasa tuiangalie hukumu kama mwanasheria anavyosoma, kipengele kwa kipengele. Msimu wa 1987 ulifutwa. Msimu wa 1988 SMU iliruhusiwa mechi 7 tu, zote ugenini, bila mechi ya nyumbani hata moja. Ikapoteza nafasi 55 za ufadhili kwa miaka minne. Idadi ya makocha na safari za kusajili zikapunguzwa. Chuo chenyewe kiliona kwamba kwa masharti hayo hakiwezi kupata timu ya maana, kikaamua kuufuta msimu wa 1988 pia. Miaka miwili bila timu.

Wachezaji waliruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mmoja kama kanuni ya kawaida ilivyotaka, na makocha kutoka vyuo vingi wakajaa kwenye kampasi ya SMU kama madalali kwenye mnada. Wengi walihama. Waliobaki walikuwa wale ambao hakuna aliyewataka, au waliojali shahada yao kuliko mpira.

Timu iliporudi 1989, kocha Forrest Gregg aliingia uwanjani na vijana wengi wa mwaka wa kwanza, baadhi yao wadogo wa umbo kiasi cha kutisha katika mchezo ambao watu wa kilo 120 wanakurukia. Oktoba 1989 walikwenda Houston wakafungwa 95 kwa 21. Huko si kufungwa, ni kuhurumiwa na saa tu. Msimu huo walishinda mechi 2, wakapoteza 9.

Na hapa ndipo somo linapokuwa zito. Adhabu iliandikwa ya miaka miwili, lakini kutoka 1989 hadi 2008 SMU ilipata msimu mmoja tu wa kushinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza, ule wa 1997, wa 6 kwa 5. Mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu haikuiona tena hadi 2009, miaka 25 tangu ile ya 1984. Mtoto aliyezaliwa siku Berst anazimia alikuwa anamaliza chuo.

Kwa nini Juventus ilirudi na SMU haikurudi

Wapenzi wa kandanda watauliza: mbona Juventus iliadhibiwa 2006 kwa kashfa ya kupanga waamuzi, ikashushwa daraja, ikapokwa pointi, na bado ikarudi? Ni swali zuri na jibu lake linafundisha. Juventus ilibaki na Buffon na Del Piero, ikashinda Serie B msimu wa 2006/07, na msimu uliofuata ikamaliza ya tatu Serie A. Mwaka mmoja tu wa aibu.

Tofauti ni hii: klabu ya kulipwa inanunua. Ukiipokea leo imevunjika, kesho unaweza kwenda sokoni na pesa. Timu ya chuo hainunui (au haikuruhusiwa kununua), inaotesha. Kila mwaka inapanda mche wa vijana wapya, na inavuna baada ya miaka mitatu. Ukikata misimu miwili, halafu ukapunguza mbegu kwa miaka minne, hujakata mavuno ya miaka miwili. Umekata wachezaji wakubwa ambao wangewafundisha wadogo, umekata kocha wa sekondari aliyekuwa na mazoea ya kukuletea vijana, umemfundisha kila mzazi wa Texas kwamba SMU ni mahali pa kuogopa. Wakati huo timu moja iliruhusiwa wachezaji 95 wenye ufadhili. Ukipoteza 45 halafu 55 hata kwa kugawanya kwa miaka, umepoteza zaidi ya kikosi kizima. Kisha Southwest Conference yenyewe ikafa 1996, vyuo vyenye nguvu vikahamia ligi kubwa zaidi, na SMU ikaachwa kituoni.

Kwa maneno mengine, adhabu ileile kwenye karatasi ina uzito tofauti kulingana na namna taasisi inavyojizalisha. NCAA ilijua kwamba inaua msimu. Sidhani kama walijua wanaua miaka 20.

Maswali matatu ya kuuliza

Napendekeza njia rahisi ya kuipima adhabu yoyote ya taasisi. Uliza nani aliamua kosa, nani alifaidika nalo, na nani atakayelala na njaa kwa sababu ya hukumu. Majina yakilingana, adhabu ina haki ndani yake. Yakitofautiana, kuna kitu kimekwenda kombo hata kama kosa ni la kweli.

Tuijaribu kwa SMU. Walioamua: baraza la uongozi, mkurugenzi wa michezo, matajiri. Gavana Clements alimaliza awamu yake hadi 1991. Kocha Bobby Collins, mkurugenzi wa michezo na ofisa wa usajili waliondoka na malipo ya mikataba yao, kwa jumla zaidi ya dola 800,000. Zidisha, gawanya, utaona wenyewe: walioshindwa kuisimamia ofisi walipewa zaidi ya mara 10 ya zile pesa zote walizopewa wachezaji 13. Collins ni kweli hakufundisha tena timu ya chuo, na hilo ni pigo. Walioonja faida ya ushindi, akina Dickerson, walishakuwa ligi ya kulipwa. Dickerson alivunja rekodi ya kukimbia ya NFL mwaka 1984 kwa yadi 2,105, na rekodi hiyo imedumu miaka na miaka. Aliyefungwa 95 kwa 21 alikuwa kijana ambaye wakati bahasha zinapita alikuwa darasani sekondari.

Utetezi wa adhabu kali upo, na si wa kupuuzwa. Watetezi wanasema taasisi haina mwili wa kuchapwa, ina jina na mfuko tu. Ukimfukuza kocha mmoja, matajiri wataleta mwingine na bahasha zitaendelea. SMU ilishaonywa 1981 na 1985, haikusikia. Ungefanya nini tena? Pia wanasema mwanafunzi anayekuja baadaye anafaidika na jina ambalo lilijengwa kwa udanganyifu, kwa hiyo si dhuluma kamili akibeba sehemu ya mzigo. Hoja ya kwanza naikubali nusu. Ya pili siikubali, kwa sababu anayechagua chuo akiwa na miaka 18 hana namna ya kujua kilichomo kwenye droo za baraza la uongozi, na kumtoza deni asilolikopa ni kurahisisha kazi ya mpelelezi.

Na kweli NCAA yenyewe iliogopa ilichokifanya. Baada ya SMU haikuitumia tena adhabu hiyo kwa timu kubwa ya futiboli. Ilitafuta nyingine.

USC na Penn State

Reggie Bush alichezea University of Southern California, Los Angeles, kutoka 2003 hadi 2005, akashinda tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Baadaye ikajulikana kwamba yeye na familia yake walipokea pesa na nyumba kutoka kwa watu waliotaka kuwa mawakala wake. Hukumu ilitoka Juni 2010: miaka miwili bila mechi za mwisho wa msimu, nafasi 30 za ufadhili zimeondolewa, ushindi wa mechi 14 umefutwa. Juni 2010 Bush alikuwa wapi? Alikuwa amechukua ubingwa wa ligi ya kulipwa na New Orleans Saints miezi michache kabla. Kocha wake, Pete Carroll, alikuwa ameshahamia Seattle tangu Januari. Mwaka 2011 kikosi cha USC kilishinda mechi 10 kikapoteza 2, kisha msimu ulipoisha kikarudi bwenini kuangalia wenzao kwenye televisheni. Jaribu maswali yetu matatu hapo, uone kama kuna jina hata moja linalolingana.

Penn State ni kesi ya aina nyingine kabisa, na naomba tusiichanganye na bahasha za pesa. Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi kwa miaka mingi, alitiwa hatiani Juni 2012 kwa mashtaka 45 ya kuwanyanyasa watoto kingono. Kulikuwa na watu wakubwa chuoni waliopata taarifa na hawakwenda polisi. NCAA, bila kufuata utaratibu wake wa kawaida wa upelelezi, iliibana Penn State ikasaini makubaliano Julai 2012: faini ya dola milioni 60, miaka minne bila mechi za mwisho wa msimu, ufadhili kupunguzwa, na ushindi wote wa kuanzia 1998 hadi 2011 kufutwa, mechi 112. Kocha mkuu Joe Paterno alikuwa ameshafariki Januari mwaka huo.

Hasira ya watu ilikuwa halali kabisa. Lakini kufuta matokeo ya mechi kunamsaidiaje mtoto aliyeumizwa? Kipengele pekee ninachokiona kina uhusiano na kosa ni ile faini, ambayo ilielekezwa kwenye kazi za kuwalinda watoto na kuwasaidia waliodhulumiwa. Vingine vyote vilirudishwa: zuio la mechi liliondolewa Septemba 2014, na ule ushindi ukarudishwa kwenye vitabu Januari 2015. Wachezaji waliokuwa wanaingia mwaka wa nne 2012 walishamaliza. Waliobaki mwaka ule bila kuhama, ingawa waliruhusiwa, walishinda mechi 8 kati ya 12. Kwa maoni yangu hao ndio wanaostahili sanamu, kama lazima pawe na sanamu.

Kilichobadilika

Julai 2023 chuo kikuu cha Tennessee kilikutwa na makosa zaidi ya 200, mengi yakiwa ya kuwapa pesa na zawadi vijana waliokuwa wanasajiliwa na familia zao. Kwa kipimo cha 1987 hiyo ni maiti. Kilipigwa faini ya dola milioni 8, kikapunguziwa ufadhili, na aliyekuwa kocha mkuu akawekewa kizuizi cha miaka 6 kinachofanya chuo chochote kifikirie mara mbili kabla ya kumwajiri. Hakikuzuiwa mechi za mwisho wa msimu. Katiba mpya ya NCAA inataka adhabu zisiwaangukie wanafunzi ambao hawakuhusika. Agosti 2025 ikafuata Michigan, kwa kosa la kutuma watu viwanjani kurekodi ishara za siri za wapinzani: faini ya mamilioni ya dola na vizuizi vya miaka mingi kwa makocha waliohusika, lakini timu ikaendelea kucheza. Kamati ilisema wazi kwamba kuizuia timu kungewaumiza wachezaji wa sasa isivyo haki.

Kuna wanaolalamika kwamba chuo tajiri kitalipa faini kama mtu anayelipa maegesho, kisha kiendelee. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kuongeza uzito upande wa aliyeamua: kocha, mkurugenzi, mjumbe wa baraza. Kizuizi cha miaka 10 kwa kocha kinamtisha kocha mwingine kuliko kufutwa kwa msimu ambao yeye mwenyewe hatakuwepo. Kwa wajumbe wa baraza, hata hivyo, bado sijaona kanuni inayowafikia. Akina Clements wa leo wako salama kama yule wa 1987.

Halafu kuna kejeli ya mwisho. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo Marekani anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo chenyewe kuwalipa wachezaji wake, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Zile dola 61,000 za SMU leo ni mshahara wa mchezaji mmoja wa akiba. Hii haimaanishi kwamba SMU haikukosa. Sheria ilikuwepo, wenzao walishindana chini ya sheria hiyo, na wakubwa wake walidanganya wachunguzi usoni. Ila inatufanya tuulize kama ukali wa adhabu ulikuwa unailinda haki au unalinda sheria ambayo yenyewe ilikuwa inamnyima mfanyakazi ujira wake.

SMU imerudi. Julai 2024 iliingia ligi kubwa ya ACC kwa kukubali kutochukua mgao wa pesa za televisheni wa ligi hiyo kwa miaka 9, na matajiri wake wakachanga takriban dola milioni 100 ndani ya siku chache kuziba pengo, safari hii mchana kweupe na kwa risiti. Msimu huohuo ilifika mtoano wa ubingwa wa taifa. Desemba 2024 ilipangiwa kucheza ugenini, Pennsylvania, na wapinzani wake walikuwa Penn State. Ilifungwa 38 kwa 10.